Gesi Ishuke Njiani: Masharti ya Kupitisha Bomba la Gesi Asilia katika Milima ya Kisii na Nyamira

Utangulizi

Mwezi Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kusafirisha gesi asilia kwa bomba kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Oktoba 2022, Rais William Ruto alipokuwa Dar es Salaam, viongozi hao wawili walihimiza mradi uharakishwe, na Nairobi ikatajwa kuwa kituo kitakachofuata Mombasa. Kisii na Nyamira hazimo katika ramani hiyo. Hata hivyo, historia ya mabomba nchini mwetu inaonyesha kwamba bomba likishafika Nairobi halitulii hapo. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilikamilika mwaka 1978. Kufikia 1994 lilikuwa limerefushwa hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu. Mwaka 2016 Kampuni ya Kenya Pipeline ikaongeza bomba jingine, pana kuliko la kwanza, kutoka Sinendet hadi Kisumu, kwa kuwa mahitaji ya magharibi yalikuwa yamelizidi lile la awali. Mwenye kuutazama mwendo huo hatashangaa siku gesi nayo itakapoelekezwa magharibi. Kwa hiyo swali la masharti yetu linafaa kuulizwa sasa, kabla wapimaji hawajapiga vigingi katika mashamba ya watu.

Hoja ya mada hii ni moja. Katika nchi iliyojaa watu kama Gusii, yaani Kisii na Nyamira, bomba lisikubaliwe kupita pasipo mlango wa kushushia gesi, na mwenye shamba linalopitiwa asilipwe mara moja tu kisha akasahauliwa, bali awe na sehemu katika umiliki wa bomba lenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Bomba ni mgeni wa miaka arobaini au zaidi, na mgeni wa muda mrefu namna hiyo hupokelewa kwa mapatano, maana ukarimu pekee hautamtosha. Nitaijenga hoja hii kwa kutazama ardhi ya Gusii ilivyo, kisha yaliyotokea Mtwara, kisha moto wa viwanda vya majani chai, na mwisho nitajibu pingamizi ambazo mtu mwenye busara angezitoa.

Ardhi isiyo na nafasi ya makosa

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Kisii ina watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba na Nyamira ina karibu 675, ilhali wastani wa Kenya nzima ni 82. Takwimu hizi huonekana wazi kwa yeyote anayesimama juu ya ukingo wa Manga na kutazama chini: nyumba, migomba, chai, nyumba tena, mpaka macho yachoke. Lakini msongamano peke yake hauelezi ugumu wote, kwa sababu umbo la mashamba lina uzito kama wingi wa watu. Shamba la Mgusii kwa kawaida hushuka kama mkanda mwembamba kutoka mgongo wa kilima, penye njia na makazi, hadi bondeni penye maji. Baba anapowagawia wanawe, mkanda hupasuliwa kwa urefu ili kila mmoja apate sehemu ya juu ya kujenga na sehemu ya chini yenye unyevu. Mgawanyo huo ni wa haki baina ya ndugu, ila vizazi vinavyoongezeka huufanya kila mkanda uzidi kuwa mwembamba.

Sasa tuweke bomba juu ya umbo hilo. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, lilitengewa mkuza wa ujenzi wenye upana wa mita 30. Tukichukua kipimo hicho, kilomita moja ya bomba hula hekta 3. Katika nyika ya Taita, hekta 3 ni kona ya ardhi ya malisho. Gusii, ambako familia nyingi hujikimu kwa chini ya hekta moja, hekta 3 ni riziki ya familia kadhaa. Tena bomba likifuata mgongo wa kilima litakata mikanda kwa upana wake. Ikiwa kila mkanda una upana wa mita 25, kilomita moja itagusa mashamba 40, na kila shamba litakatwa mahali penye nyumba. Likifuata bonde, litagusa mashamba yale yale mahali penye chemchemi na mboga za kiangazi. Hakuna njia katikati ya milima hii isiyopita mlangoni kwa mtu, na hesabu yoyote ya gharama inayoanza kwa kudhani ardhi ni tupu imekosea tangu mstari wa kwanza.

Baada ya mtaro kufukiwa, mwenye shamba hurudishiwa sehemu ya matumizi tu. Kwa kawaida huruhusiwa kupanda mahindi, maharagwe na mboga juu ya bomba, lakini hakubaliwi kujenga nyumba wala kupanda miti yenye mizizi mirefu. Kwa mkulima mwenye ardhi kubwa huo ni usumbufu mdogo. Kwa mwenye mkanda wa mita 25, ina maana mwanawe hana pa kujenga, mwembe au mparachichi hauruhusiwi, na michai, ambayo hukaa ardhini miongo mingi, lazima ing'olewe. Kuna pia makaburi. Abagusii huzika wafu wao nyumbani, na kaburi la babu ni ushahidi wa ukoo kwamba mahali hapo ni pao. Kulihamisha ni jambo linalohitaji wazee, muda na heshima, na halimalizwi kwa cheki.

Ugumu wa mwisho katika ardhi umo kwenye karatasi. Hatimiliki nyingi vijijini bado zina majina ya watu waliokwisha kufa, kwa sababu familia hazikufuata mchakato wa Sheria ya Urithi, ama kwa gharama ama kwa kuepuka ugomvi. Ndugu wanne wanalima kwa amani vipande vinne ambavyo kwenye rejista ya ardhi ni shamba moja la marehemu babu yao. Fedha za fidia zikiingia hapo bila maandalizi zitageuza amani hiyo kuwa kesi, na wa kwanza kusukumwa kando watakuwa wajane na mabinti ambao hawajaolewa. Katiba ya 2010 iliona tatizo la namna hii. Kifungu cha 40 kinadai fidia ya haki, kamili na ya haraka kwa anayenyang'anywa mali kwa manufaa ya umma, na kinaruhusu pia kulipwa kwa wakaaji wa nia njema wasio na hati. Mlango wa kisheria upo. Kinachobaki ni kazi ya subira ya kuzisaidia familia kukamilisha urithi kabla ya tathmini, na kazi hiyo haifanyiki baada ya matrekta kufika.

Funzo la Mtwara

Tanzania imetangulia, na ni vyema tusome makosa na mafanikio yake badala ya kuyarudia. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Ilichukua miaka 30 gesi ya Songo Songo ifike Dar es Salaam kwa bomba, mwaka 2004, na ilipofika ilikuta wateja wakiisubiri: mitambo ya umeme ya Ubungo na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Bomba hilo lilifanya kazi tangu siku ya kwanza, na mahitaji yakakua hadi likawa dogo. Kisha likaja bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 na kipenyo cha inchi 36, lililojengwa kwa mkopo wa dola zaidi ya bilioni moja kutoka Benki ya Exim ya China na kukamilika mwaka 2015. Lina uwezo wa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku, lakini kwa miaka mingi ya mwanzo lilipitisha sehemu ndogo tu ya uwezo huo, huku mkopo ukidai malipo yake kama kawaida.

Kabla bomba hilo halijakamilika, Mtwara iliwaka. Januari 2013, na tena Mei mwaka huo huo, maandamano ya kupinga bomba yaligeuka ghasia. Mali iliteketezwa na watu walipoteza maisha. Wako waliosema wakati ule kwamba wananchi walipotoshwa na wanasiasa au hawakuelewa kwamba rasilimali ni ya taifa zima. Maelezo hayo hayatoshi. Kusini mwa Tanzania ni eneo lililoahidiwa mengi tangu mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa Nachingwea, na lilikuwa limesubiri barabara na viwanda kwa muda mrefu. Watu walipoona gesi iliyopatikana kwao inaandaliwa kuondoka kwenda kuzalisha umeme mbali, walisoma alama waliyoifahamu tangu zamani. Hawakukataa gesi. Walikataa kufanywa njia ya gesi.

Mtwara inatuachia mafunzo mawili. La kwanza ni la kiuchumi: bomba lililotanguliwa na mteja hufaulu, na bomba linalotafuta mteja baada ya kujengwa huwa mzigo wa madeni. La pili ni la kisiasa: eneo linalopitiwa na mali bila kuonja mali hiyo halitatulia, hata sheria ikiwa upande wa serikali. Gusii haina kisima cha gesi, na mtu anaweza kusema kwamba kwa hiyo haina madai kama ya Mtwara. Lakini Gusii itatoa kitu ambacho kwake ni adimu kuliko gesi, yaani ardhi. Anayetoa kilicho adimu ana haki ya kuuliza atapata nini.

Tena Gusii ina kumbukumbu yake yenyewe ya ahadi zilizooza. Wakati mmoja Kenya ilitoa sehemu kubwa ya pareto yote ya dunia, na milima ya Kisii ilikuwa miongoni mwa mahali ilipostawi. Zao hilo halikuangushwa na ukame wala wadudu. Wakulima walipeleka maua yao, malipo yakachelewa miezi, kisha miaka, na hatimaye wakang'oa pareto wakapanda kitu kingine. Mtu aliyepitia hayo akiambiwa kwamba fidia italipwa baada ya bajeti ijayo, haoni ahadi, anaona pareto. Mpangaji wa mradi asiyejua historia hii atashangaa kwa nini mikutano ya wananchi ina maswali makali.

Moto wa majani chai

Kama bomba halifai kupita bila kushusha gesi, basi gesi ishuke wapi? Jibu la haraka ni jikoni, na ndilo linalopendwa majukwaani. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia za Kenya hupika kwa kuni, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hata hivyo, ukweli lazima usemwe: bomba halitafika kila jiko la Gusii katika kizazi hiki. Gesi asilia ni methani hasa, si ile propani na butani inayouzwa kwa mitungi, na haiwezi kujazwa katika mtungi wa kawaida wa nyumbani. Kuisambaza hadi nyumba zilizotawanyika mlimani kunahitaji mabomba madogo ya maelfu ya kilomita. Anayewaahidi akina mama wa Borabu au Bobasi kwamba watapikia gesi ya bomba anawaahidi asichoweza kutimiza.

Mteja wa kweli yuko tayari milimani, naye ni kiwanda cha majani chai. Nyamira ina Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi, Tombe na Gianchore. Kisii ina Kiamokama, Nyamache, Itumbe, Ogembo na Eberege, bila kuvitaja vyote. Tuangalie kinachotendeka ndani ya kiwanda. Jani bichi linalochumwa lina maji karibu robo tatu au zaidi ya uzito wake. Chai iliyo tayari kupakiwa ina maji asilimia 3 hivi. Ndiyo maana zinahitajika kilo nne na zaidi za majani mabichi kupata kilo moja ya chai. Zile kilo tatu na zaidi zinazotoweka ni maji yaliyofukuzwa kwa joto, kwanza katika kunyausha na kisha katika kukausha, na joto hilo hutoka kwenye boila inayochoma kuni usiku na mchana katika msimu wa mavuno. Kwa kiwanda, umeme huzungusha mashine, lakini chai yenyewe hutengenezwa kwa moto. Mteja anayehitaji joto jingi, mahali pamoja, kila siku, kwa miaka mingi, ndiye mteja ambaye bomba huhitaji.

Kuni hizo ni mikaratusi, na mikaratusi inahitaji ardhi. Imepandwa hadi mabondeni, pembezoni mwa chemchemi na vijito vinavyoingia mito ya Gucha na Sondu, na wakulima wenyewe wanajua jinsi mti huo unavyonywa maji. Katika kaunti ambamo kila robo ekari inagombewa na mahindi, lishe ya ng'ombe, chai na nyumba ya kijana anayeoa, ekari ya kuni ni ekari iliyotolewa chakulani. Kwa hiyo gesi ikiingia kwenye boila, faida yake ya kwanza kwa Gusii ni ardhi inayorudi, na faida hiyo inalipa sehemu ya ardhi iliyochukuliwa na mkuza. Hapo ndipo hesabu ya kutoa na kupokea inapoanza kusawazika. Baada ya viwanda, wateja wanaofuata wako wazi: shule za bweni zinazopikia mamia ya wanafunzi kwa magogo, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii, vyuo na hoteli za mjini Kisii, Nyamira na Keroka.

Katiba inaunga mkono mpango wa aina hii kuliko wengi wanavyofahamu. Jedwali la Nne linaiachia serikali ya kitaifa sera ya nishati, lakini linaorodhesha usambazaji wa umeme na gesi miongoni mwa kazi za kaunti. Maana yake ni kwamba bomba kuu ni la taifa, ila tawi linaloingia Kebirigo au Suneka ni jambo ambalo bunge la kaunti lina mamlaka ya kulipanga. Kisii na Nyamira zikikaa kimya, zitapangiwa. Zikiandaa mapema ramani ya pamoja ya viwanda, shule, hospitali na barabara, zitaingia mazungumzoni zikiwa na hoja mkononi.

Mwenye shamba awe mwenye hisa

Linabaki swali la malipo. Desturi iliyozoeleka ni kulipa fedha taslimu mara moja na kufunga faili. Fedha hizo mara nyingi hulipa karo, hutibu mgonjwa, hununua pikipiki, na baada ya miaka mitano hazipo, ilhali bomba bado lipo na kizuizi cha kujenga bado kipo. Malipo ya mara moja kwa mzigo wa kudumu hayalingani, hata kiwango kikiwa kikubwa. Inafaa kutenganisha hasara mbili. Hasara ya papo hapo, kama mazao, michai, miti, nyumba na gharama ya kuhamisha makaburi, ilipwe yote kwa fedha kabla ya kazi kuanza. Hasara ya kudumu, yaani kubanwa matumizi ya ardhi, ilipwe kwa haki ya kudumu: kodi ya kila mwaka, au hisa, au vyote viwili.

Jambo hili si ndoto. Marekebisho ya sheria kuhusu thamani ya ardhi ya mwaka 2019 yanataja, kando ya fedha, njia nyingine za kufidia, zikiwemo ardhi mbadala, hatifungani za serikali na hisa katika kampuni ya umma. Na Gusii ni mahali pa kufaa kulijaribu, kwa sababu mkulima wa huku anajua hisa ni nini. Mamlaka ya chai ya wakulima wadogo iliyoanzishwa 1964 iligeuzwa wakala unaomilikiwa na wakulima mwaka 2000, na kila kiwanda ni kampuni ambayo wakulima wa eneo lake ni wanahisa. Mkulima hupokea malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka, huchagua wakurugenzi, na huwakasirikia wakivuruga. Utaratibu huo una kasoro zake na umelalamikiwa sana, lakini umewafundisha watu kusoma hesabu za kampuni. Kampuni ya tawi la gesi, itakayomilikiwa kwa pamoja na kaunti, viwanda na wenye mashamba waliopitiwa, haitakuwa mnyama mgeni milimani. Tena mwenye hisa hulinda bomba bila kuajiriwa, kwa sababu likivuja, yeye ndiye anayepoteza.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni usalama, na halifai kupuuzwa. Septemba 12, 2011, mafuta yaliyovuja kutoka bomba yaliwaka katika kijiji cha Sinai, Nairobi, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mwaka 2015 mafuta yalivuja Thange, Makueni, yakachafua mto na visima ambavyo watu walitegemea. Mtu anaweza kuuliza: kama mabomba yametutenda hivi kwenye ardhi yenye nafasi, yatatutenda nini kwenye watu 950 kwa kilomita ya mraba? Methani ni nyepesi kuliko hewa, hupanda na kutawanyika, haitiririki mtaroni kama petroli wala kutuama chini kama gesi ya mtungi, na uvujaji wake hauingii kisimani kama dizeli. Lakini ikikusanyika mahali palipofungwa hulipuka, na bomba lenye mgandamizo mkubwa likipasuka moto wake ni wa kutisha. Funzo la Sinai ni kwamba makazi na bomba havikai pamoja. Kwa hiyo bomba kuu lenye mgandamizo mkubwa lisipandishwe katikati ya milima ya Gusii hata kidogo. Lipite pembeni, penye makazi haba, na kinachopanda mlimani kiwe tawi dogo lenye mgandamizo uliopunguzwa, likifuata hifadhi ya barabara kuu ya Ahero, Kisii na Isebania na ile ya Keroka, likiwa na vali za kufunga kila sehemu. Kufuata barabara kunarefusha bomba na kuongeza gharama ya mabomba, lakini kunapunguza mashamba yatakayokatwa, na pia kunaliepusha na miteremko mikali ambayo mvua za huku huiporomosha. Wala tusisahau kwamba njia mbadala nayo ina hatari. Lori la mafuta lililopinduka Sachangwan Januari 2009 liliua zaidi ya watu 100, na kituo cha kujazia gesi kilicholipuka Embakasi Februari 2024 kilikuwa katikati ya nyumba za watu.

Pingamizi la pili ni la gharama: Gusii iko mbali na bahari, na viwanda vichache vya chai havitoshi kulipia bomba. Pingamizi hili linaweza kuwa sahihi, na ndiyo maana mteja lazima atangulie. Bomba likifika Nairobi, gesi iliyogandamizwa inaweza kupelekwa kwa malori hadi kiwanda kimoja au viwili kwa majaribio, boila zibadilishwe, na gharama ya kukausha kilo moja ya chai kwa gesi ilinganishwe hadharani na gharama ya kuikausha kwa kuni. Ikizidi, kiwanda kisilazimishwe, kwa sababu kila shilingi inayoongezeka kwenye boila hutolewa kwenye bonasi ya mkulima. Ikipungua, kutakuwa na mikataba ya ununuzi ambayo benki yoyote inaweza kuikopeshea. Kama majaribio yatashindwa, tutakuwa tumepoteza malori machache, si ardhi ya vizazi.

Pingamizi la tatu ni la hali ya hewa, nalo ndilo zito kuliko yote. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya tayari hutokana na jotoardhi, maji na upepo, na methani inayovuja hewani huongeza joto la dunia kwa zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 20. Kwa nini tujifunge na gesi wakati dunia inaiacha? Nakubali sehemu ya hoja hii. Kama gesi inaletwa magharibi ili kuzalisha umeme, isiletwe, maana tuna jotoardhi ya Olkaria. Lakini joto la viwanda ni jambo jingine. Kuni za mikaratusi huonekana safi kwenye vitabu kwa kuwa mti hukua tena, ila vitabu hivyo havihesabu chemchemi zinazokauka wala shamba la chakula lililopotea. Zaidi ya hayo, gesi inayotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe ni methani vilevile. Ikisafishwa, inaweza kuingia katika bomba lile lile. Gusii inafuga ng'ombe wa maziwa zizini karibu kila boma, na mtandao mdogo wa kaunti unaweza kuanza na gesi ya kusini na kuongezewa gesi ya nyumbani kadiri miaka inavyokwenda. Mkataba wowote utaje lengo hilo kwa maandishi, na upimaji wa uvujaji uwe wa kila mwaka na wa wazi.

Pingamizi la nne husema wananchi wanataka fedha sasa, na kwamba hisa ni hadithi ya wasomi. Ni kweli kwamba mwenye njaa hasubiri gawio. Ndiyo maana nimependekeza hasara ya papo hapo ilipwe kwa fedha, yote, kabla ya kazi. Lakini mtoto atakayezaliwa mwaka wa ujenzi naye atazuiwa kujenga juu ya mkuza atakapokuwa mtu mzima, na hakuwapo mkutanoni kutia sahihi. Hisa inayorithiwa pamoja na shamba ni njia ya kumlipa yeye.

Hitimisho

Yafuatayo yanatokana na hoja niliyoijenga. Kaunti za Kisii na Nyamira ziandae pamoja ramani ya matumizi ya gesi kabla ya serikali ya kitaifa kuchora njia. Tume ya Taifa ya Ardhi na mahakama zisaidiane na machifu na wazee kukamilisha urithi wa mashamba yaliyo karibu na barabara kuu, kazi ambayo itawafaa wananchi hata kama bomba halitakuja kamwe. Viwanda vya chai vipewe nafasi ya kujaribu gesi kabla ya kufungwa na mkataba. Na sheria ya kaunti itamke kwamba tawi lolote la gesi litakuwa na milango ya kushushia na rejista ya wanahisa ambamo wenye mashamba ni wa kwanza kuandikwa.

Masharti haya yataongeza muda na pengine gharama, na kuna watakaosema yanamfukuza mwekezaji. Mwekezaji wa kweli huogopa zaidi bomba lililosimamishwa na mahakama au lililozingirwa na wananchi wenye hasira. Ardhi ya Gusii imegawanywa na baba kwa wanawe hadi haina tena cha kubakiza. Anayeomba kipande cha ardhi hiyo kwa ajili ya taifa anaomba kilichokusudiwa mtoto, na ni haki jina la mtoto huyo liwe katika rejista ya bomba.